Kukivika kiwiliwili cha ndege kitambaa: pasi ndiyo inayokaza

Ukiugonga kwa kidole ubavu wa Super Cub, unalia kama ngoma. Ndege hii ya viti viwili, ambayo KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) imeitumia miaka mingi kwa doria za mbugani, ina kiwiliwili cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa na kuvikwa poliesta. Wanafunzi wengi hudhani ngoma ile inakazwa kwa kuvuta. Mikono inalaza kitambaa tu. Kinachokaza ni pasi.

Naeleza kiwiliwili pekee. Mabawa yana kazi ya kushona kitambaa kwenye mbavu, na hiyo inataka somo lake.

Hatua ya 1: Vua, kisha tafuta kutu. Kitambaa cha zamani usikitupe bado. Pima na upige picha kila tundu la kebo, kila kidirisha cha ukaguzi na kila tundu la kutoa maji. Kisha chunguza mabomba ya chini kuelekea mkiani, maana ndege inayokaa juu ya gurudumu la nyuma hukusanya maji huko. Gonga kwa panchi (kijiti cha chuma chenye ncha): bomba zima hulia, lililooza hubonyea. Chuma kikishasafishwa, kipake praima ya epoksi ya kuchanganya makopo mawili. Praima ya kawaida huyeyushwa na MEK, kiyeyushi kikali kilichomo kwenye gundi, na kitambaa kikabaki kimeshikilia utelezi.

Hatua ya 2: Kitambaa. Tafuta mhuri wa mtengenezaji, kwa mfano Ceconite 102, poliesta ya ndege. Poliesta ya maduka ya nguo ya Eastleigh, Nairobi, ishone suruali. Gundi na rangi zote zitoke kwenye mfumo mmoja ulioidhinishwa. Ukichanganya mifumo, mhandisi mwenye leseni hatakutilia sahihi, na ana haki.

Hatua ya 3: Gundi. Fungua milango, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, weka moto mbali. Mimi huanza na tumbo, halafu ubavu huu na ule, mgongo mwisho, ili vipande vilaliane kama mabati ya paa. Mlaliano usipungue sentimita 2.5. Kitambaa kikilegea kidogo usihangaike.

Hatua ya 4: Pasi. Hapa usiwe na haraka. Namba za kwenye kitufe cha pasi ya nguo usiziamini. Pima bamba lenyewe kwa kipimajoto cha kugusa (kile cha miale hudanganywa na bamba linalong'aa), kisha weka alama za kalamu kwenye kitufe kwa nyuzi za Selsiasi 121, 149 na 177. Pima tena kila unapoanza kazi, hasa ikiwa pasi imewahi kuanguka.

Subiri gundi ikauke kabisa. Zungukia kiwiliwili chote kwa 121. Mikunjo itapotea mbele ya macho yako. Rudia kwa 149, kisha umalizie kwa 177. Ukipita hapo poliesta huanza kulegea, na hakuna pasi itakayoirudisha. Bunduki ya hewa moto kaa nayo mbali, kwa sababu huwezi kujua joto linalofika kwenye kitambaa.

Badilisha pande. Eleveta yangu ya kwanza (kile kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua ya ndege) niliipiga pasi upande mmoja mpaka 177 kabla ya kuugusa wa pili. Nilipoiinua, ukingo wake wa nyuma ulikuwa umepinda kama upinde. Nilivua kila kitu nikaanza upya, wazee wa hanga wakicheka.

Hatua ya 5: Kuziba na kufunika. Paka koti (tabaka) la kwanza kwa brashi ili liingie kwenye nyuzi. Bandika tepu juu ya maungio, na pete za plastiki kwenye matundu ya maji, sehemu za chini kabisa. Matundu yenyewe toboa kwa ncha ya chuma cha moto. Wembe huacha nyuzi zikichomoka. Usipige msasa kabla ya koti za fedha, utakata kitambaa.

Koti za fedha zina unga wa alumini unaozuia miale ya jua, na jua letu la ikweta halisamehe. Kupima ni rahisi: usiku, zima taa za hanga, ingiza balbu ndani ya kiwiliwili. Pakionekana mwanga, ongeza koti.

Baada ya rangi ya mwisho, ndege irudi kwenye mizani kabla ya kuruka.