Kupiga faibaglasi deki ya boti mwenyewe nyumbani
Kwanza mbao iwe kavu kabisaa, unyevu ukibaki faibaglasi itabanduka tu, halafu piga msasa mpaka iwe na mikwaruzo, futa vumbi. Fanyia kazi nje penye hewa, vaa maski ya kemikali, glavu na miwani, maana hadina (dawa ya kugandisha rezini) ikiingia jichoni ni hatari sana. Changanya rezini (gundi ya maji ya poliesta) kidogo kidogo, hadina asilimia 1 hadi 2 tu, jua likiwa kali punguza, la sivyo inagandia kwenye kopo. Paka rezini kwenye mbao, laza mati (shuka la nyuzi za faibaglasi), gongagonga kwa brashi mpaka ule weupe upotee, weupe ukibaki hapo kuna hewa, pitisha rola ya chuma. Koti ya mwisho tia rezini yenye nta, bila hiyo juu inabaki inanatanata.