Windows 11 kwenye laptop ya mtumba: pima kwanza

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, lakini usikimbilie 11 kabla ya kuikagua mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, toleo la TPM (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaihitaji) lisomeke 2.0. Halafu prosesa. Ukiwa unanunua laptop ya mtumba Mwanza mjini, usiridhike na neno "i5" kwenye stika: i5-6300U ni kizazi cha 6, haikubaliki; i5-8250U ni cha 8, inakubalika. Ramu ya GB 4 ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa, lakini kwa kazi halisi weka 8. Kama bado ina diski ya kuzunguka, anza kwa kuweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256, maana diski ya kuzunguka ndiyo huifanya mashine iwe nzito.

Nakili mafaili kwenye diski ya nje. Chaji betri ijae na uache chaja imechomekwa: umeme ukikatika katikati na betri imechoka, mashine inaweza kugoma kuwaka. Upakuaji wa Windows 11 unaweza kuzidi GB 5, kwa hiyo nunua bando la kutosha.

Printa ikikataa baadaye, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia mipangilio. Usifute folda ya Windows.old, inayotunza Windows 10 yako, kabla siku hizo hazijaisha.