Ukifika Roma usiishie Colosseum, pita Bafu za Caracalla

Wapendwa mlio Italia au mnaopanga kwenda, nawaomba msiondoke Roma bila kufika Bafu za Caracalla, yaani magofu ya bafu kubwa za umma za Warumi wa kale. Panda metro laini B ushuke Circo Massimo, ukitembea ni kama dakika 10 tu ushafika, na foleni si kama ya Colosseum kabisa. Bafu hizi zilifunguliwa mwaka 216 na zikatumika zaidi ya miaka 300, mpaka Wagothi, kabila la Kijerumani lililouzingira mji, walipokata mifereji iliyoleta maji mwaka 537.

Sasa mimi nashauri utembee kwa mpangilio wa muogaji wa zamani, yaani anzia pale walipokua wanafanyia mazoezi, nenda chumba cha moto, halafu cha uvuguvugu, halafu cha baridi, umalizie kwenye bwawa la kuogelea, maana ukizurura hovyo utaona kuta ndefu tu na hutaelewa kitu. Chumba cha moto kilipashwa na tanuru za kuni chini ya sakafu, watumwa ndo walikua huko chini kwenye mahandaki wanachochea, hilo likumbuke ukiwa umesimama juu.

Pale bwawani inama kabisa uangalie ukingoni, kuna jiwe la marumaru limechongwa vishimo vidogo, watu walikua wanacheza mchezo hapo huku wameloa, mi niliona nikakumbuka bao la nyumbani. Kivuli hakuna cha maana, beba kofia na chupa ya maji. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio bure.