Jinsi ya Kusoma Mahali pa Mji wa Kale: Anza na Maji, Kuta Baadaye

Ukija Bagamoyo kutazama magofu, miguu itakuvuta kwenye kuta. Izuie kwanza. Waliochagua mahali hapa waliangalia bahari, tope na maji ya kunywa kabla ya jiwe lolote kuwekwa, nawe upite njia hiyohiyo. Chukua daftari, penseli na viatu visivyoogopa matope.

Hatua ya 1: Fika ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Chagua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Waamkie wazee wavuvi, uwaulize maji yanatoka saa ngapi; wanajua kuliko simu yako. Yakishatoka utaona uwanda mpana wa mchanga na tope. Sasa jiulize: ni chombo gani kingefika hapa? Jahazi liliingia maji yakijaa, likakaa mchangani yalipotoka, watu wakapakua mizigo kwa miguu. Meli kubwa ilitia nanga mbali, na askari wake walilazimika kushuka kwa mashua, wakionekana wazi tangu mbali. Ufukwe huu ulikuwa kinga. Ulikuwa pia kasoro: mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Chora mstari wa maji kujaa na wa maji kupwa, uandike umbali kati yake kwa hatua zako.

Hatua ya 2: Tafuta kisima. Nenda Kaole, magofu ya mji wa kale yaliyo kilomita zipatazo 5 kusini mwa Bagamoyo. Watu husimama kwenye misikiti miwili na makaburi, wakakipita kisima. Mimi hukipa muda mwingi zaidi: maji matamu karibu hivi na bahari ya chumvi ni sababu tosha ya kuweka mji. Mji usio na kisima adui hana haja ya kuupiga, huungoja tu.

Hatua ya 3: Kagua mikoko. Usichukulie kwamba pwani ya leo ndiyo ya zamani. Mikoko na tope vilisogea mbele ya Kaole, njia ya majahazi ikaziba, biashara ikashika Bagamoyo. Chora ramani mbili, moja bila mikoko hiyo.

Hatua ya 4: Geukia bara. Hapa ndipo wengi huchoka, na ndipo penye mambo. Abushiri bin Salim alipopigana na Wajerumani, boma lake la miti lilikuwa nje ya mji wa Bagamoyo. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alilishambulia tarehe 8 Mei 1889. Nionavyo, kukaa mbali na ufuko kulikuwa na maana yake: mizinga ya manowari hutawala pwani, si vichaka vya ndani. Tembea kutoka ufukweni kuelekea bara, uandike ni wapi bahari inapotea machoni.

Hatua ya 5: Sasa kuta. Rudi Ngome Kongwe, jengo la mwaka 1860. Angalia inatazama wapi na nani angeonekana kutoka juu. Kisha linganisha na Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593 juu ya mwamba wa matumbawe. Kule maji yenye kina huileta meli karibu na mji, hivyo kuta na mizinga vilibeba kazi ambayo hapa Bagamoyo ilifanywa na kina kifupi.

Gawa ukurasa wa mwisho mara mbili: upande mmoja yaliyokuwepo kabla ya mjenzi, upande wa pili aliyoyaongeza. Jaza ukiwa bado uwanjani, si nyumbani.