Aprili Mosi Dodoma: Chimbeni Mashimo, Miche Iacheni Kitaluni

Kila mwaka ikifika mwishoni mwa Machi simu zinaanza: afisa njoo, wikiendi hii kikundi chetu tunapanda miti kwenye lile shamba lililochoka kule karibu na korongo, miche ipo, vijana wapo, mtendaji ameshakubali, mgeni rasmi amepatikana. Na fulana zimeshachapwa. Naenda, kazi ni kazi, ila leo naandika ili mtu asije akasema sikusema. Kwa Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi na jirani zetu wa Singida, mche wa kiriba, ule unaooteshwa kitaluni kwenye kifuko cha nailoni, ukipandwa tarehe 1 Aprili, kama hauna mtu wa kuumwagilia hadi Novemba, huo umepandwa ufe.

Tarehe yenyewe najua imetoka wapi. Aprili Mosi ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na kwa wenzetu wa Kilimanjaro, Arusha na Tanga iko sawa kabisa maana masika kwao ndo yanachanganya, wana Aprili yote na Mei mbele yao. Sisi hayo masika hatuna. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Februari inakatika na kututesa kidogo, inarudi Machi, na Aprili inaaga. Mwaka mzima tunapata kama milimita 570 hivi pale Dodoma mjini, na karibu yote inakuwa imeshanyesha mnapoanza kupigiana simu. Majirani zetu Kenya nao wana hadithi hiyo hiyo: mwaka 2023 serikali yao ilitoa mapumziko ya kupanda miti tarehe 13 Novemba, kwa Kitui na Makueni ilikuwa vizuri sana kwa sababu vuli ndo mvua yao ya kutegemea, halafu 2024 mapumziko mengine yakaja tarehe 10 Mei wakati kwa watu hao hao wa Ukambani mvua inamalizika. Kalenda moja ya nchi nzima haijui shamba lako liko wapi, wewe ndo unajua.

Haya tupige hesabu, maana nikisema hivi hivi watu wananiambia "tutamwagilia". Kikundi kimepanda miche 200. Kila mche lita 5, mara mbili kwa wiki, hiyo si nyingi kwa jua letu. Ni lita 2,000 kwa wiki, yaani ndoo 100 za lita 20. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba ni kama wiki 30, kwa hiyo ndoo 3,000, kutoka kwenye bomba ambalo mama zenu wanapanga foleni kuanzia alfajiri. Nani atabeba? Mgeni rasmi? Wiki mbili za kwanza vijana wanabeba, ya tatu wanatumwa watoto wa shule, ya nne hamna mtu. Halafu Agosti mnasema ardhi ya hapa haioti miti.

Ardhi inaota. Shida ni mizizi haikupata muda. Mche wa kawaida unatoka kitaluni na mizizi ya sm 15 hadi 20, urefu wa kiriba basi, na udongo wetu ukifika Julai sehemu ya juu yote inakuwa imekauka, unyevu uliobaki uko chini sana. Mche unatakiwa uwe umeshateremsha mizizi zaidi ya nusu mita kabla ya kiangazi kuanza, na ili ifike huko unahitaji udongo mbichi kwa miezi miwili mitatu mfululizo. Ukipanda Desemba unayo. Ukipanda Aprili una wiki mbili tatu, tena kwa bahati.

Sasa msinielewe vibaya, wikiendi ya Aprili sijasema ifutwe. Watu wamejipanga, chakula kinapikwa, wanaotoka mjini wanakuja na nguvu zao, ni nguvu kazi ambayo mwezi Desemba hutaipata hata kwa dawa kwa sababu kila mtu yuko shambani kwake anapanda mtama na alizeti. Badilisheni kazi tu. APRILI NI YA KUCHIMBA MASHIMO. Udongo bado una unyevu, sururu inazama. Mnaoniambia mtachimba Oktoba, mnaijua Oktoba ya Kongwa? Waingereza walileta matrekta 1947 kwa ule mradi wao wa karanga, na udongo wa pale ulipokauka ukawa mgumu mpaka vyuma vikashindwa, sembuse jembe lako la mkono lenye mpini uliopasuka. Chimbeni sasa hivi au mwezi Mei mara baada ya kuvuna, kabla ardhi haijafunga.

Vipimo, na hapa naomba mchukue futi kamba kabisa, sitaki vipimo vya macho. Shimo liwe sm 60 upana na sm 60 kwenda chini. Kwa miti ya kuni na mbao kama mjohoro au mlusina nitakubali sm 45 kwa 45 ikiwa udongo hauna tabaka gumu, kwa matunda sikubali. Kwenye mashamba yaliyochoka mara nyingi kuna tabaka limeshindiliwa, unalikuta ukifika sm 20 au 25, jembe linaruka linalia kama umegonga jiwe. Hapo ndipo watu wanapoacha, wanasema shimo limetosha! Hapo ndo kazi imeanza. Usipolitoboa hilo tabaka mizizi ikifika pale inageuka pembeni, na mti unaosimama kwa mizizi ya pembeni kiangazi hauvuki. Lete mtaimbo, toboa. Nimekagua mashimo ya hizi wikiendi na futi kamba yangu, mengi ni sm 20, yaani kiriba kikiingia shimo limekwisha, na mtu amepiga nalo picha.

Udongo wa juu, zile sm 20 za mwanzo, weka upande wa juu wa mteremko. Udongo wa chini weka upande wa bondeni, huo utajengea tuta. Usichanganye, nikikuta umechanganya utatenganisha. Shimo likishakamilika msiliache wazi hadi Desemba, watoto wanatumbukia na mbuzi wanavunjika miguu, rudishieni ule udongo wa juu pamoja na majani na mabua yaliyooza hadi nusu, mweke kijiti cha alama. Oktoba au Novemba kabla ya mvua ndo mnachanganya na samadi, debe moja la samadi iliyoiva kwa shimo. Iliyoiva maana yake haina joto na hainuki, siyo ile mnayoizoa zizini asubuhi mnaimwaga ikifuka moshi. Mkijaza acheni sm 15 juu pasijae, maji yapate pa kukaa.

Kisha tuta la nusu mwezi, yaani tuta la udongo lililopinda kukumbatia shimo upande wa bondeni, mdomo unaangalia juu kwenye mteremko, upana wa mita 4 ncha hadi ncha, kimo cha tuta sm 20 hadi 25, na ncha zote mbili ziwe kwenye usawa mmoja, pimeni kwa fremu A (fito tatu zilizofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe inaning'inia katikati) au mpira wa maji (mpira unaoonyesha ndani uliojazwa maji). Ncha moja ikiwa chini maji yote yanatoka huko na yanaanza kuchimba korongo jipya, utakuwa umekuja kutibu shamba ukaliongezea kidonda. Watu wanalidharau hili tuta sijui kwa nini. Nusu mwezi ya mita 4 ina eneo kama mita 6 za mraba, na milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya mm 20 tu inakuletea lita 120 humo ndani, ndoo sita, bila kumsumbua mtoto wa mtu. Hata nusu yake ikiingia shimoni umeshamaliza wiki kadhaa za kumwagilia.

Desemba sasa. Hapa kosa la pili linazaliwa kutoka kwenye lile la kwanza, watu wanapanga tena tarehe. Wanasema "Jumamosi ya tarehe kadhaa tunapanda", mvua iwepo isiwepo. Au inanyesha mvua moja yenye kelele nyingi, watu wanakimbia na miche, kumbe imelowesha sm 10 na chini vumbi tupu, wiki moja jua kali na miche imeinamisha vichwa. Chukua panga au fimbo ya chuma, chimba pembeni ya shimo lako, angalia udongo. Ukiwa mbichi hadi sm 30, kiganja kikikamata udongo unashikana, panda. Haujafika, subiri mvua nyingine. Usiniambie kilomita mbili kutoka kwako kumenyesha sana, mvua zetu zinanyesha shamba hili zinaruka lile. Kikundi kiwe na mtu mmoja wa kupima, akipima jioni na udongo umekubali anatuma ujumbe wasap, kesho yake asubuhi kila kaya inatoa mtu mmoja tu kwa masaa mawili matatu. Iwe Jumanne, iwe Alhamisi, hainihusu. Mashimo yapo tayari, tuta lipo, mtu mmoja anapanda miche mingi kabla jua halijawa kali na anarudi kwenye mtama wake. Ndo maana nawasisitizia kuchimba Aprili, anayeanza kuchimba Desemba atamaliza Februari, na Februari mvua imekatika.

Mwisho wa kupanda kwangu ni katikati ya Januari. Nikikukuta tarehe 20 na miche kwenye toroli nitakuuliza ulikuwa wapi.

Na hii ina maana kitalu nacho kiende na saa. Miche ya kupanda Desemba isiwe mbegu Oktoba. Mjohoro na mlusina sieni mbegu Julai au mwanzoni mwa Agosti, mche ufike sm 30 hadi 40, shina unene wa penseli, na wiki nne za mwisho punguzeni maji na kivuli ili ukomae, mche uliodekezwa kivulini ukitolewa juani siku ya kupanda unaungua. Mnaochukua kwenye vitalu vya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) au vya halmashauri, pelekeni maombi kabla ya Septemba na andikeni kabisa kwamba mnaihitaji wiki ya kwanza ya Desemba. Miche inayoletwa Machi mara nyingi ni ile iliyokaa kitaluni tangu Desemba ikisubiri sherehe, mizizi imezunguka ndani ya kiriba imejisokota, hiyo hata ukiipanda kwa wakati inakuwa mibovu.

Kupanda kwenyewe mnajua. Ila kiriba KINATOKA, kata sm 1 au 2 za chini pamoja na mizizi iliyojikunja, pasua ubavuni, vua, viriba vyote virudi nyumbani kwenye gunia. Bado nafukua mche uliokauka nakuta nailoni iko mzima. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe usawa wa udongo, isifukiwe. Matandazo unene wa sm 5 hadi 10 lakini yakae mbali na shina kiganja kizima, la sivyo mchwa wanapata daraja. Palilia nusu mita kuzunguka. Na mbuzi: mavuno yakiisha watu wanafungulia mifugo mashambani, kwa hiyo miiba iwe imeshazungushiwa kabla ya Mei, na hili pelekeni kwenye mkutano wa kitongoji mapema, msije mkagombana na mwenye mbuzi wakati miche imeshaliwa.

Kuna kikundi kitasema hatuna miche, hatuna hela, tunakosa sherehe. Angalieni chini. Mashamba mengi ya kwetu bado yana visiki hai, migunga na mingine iliyokatwa ikachipua na kila mwaka mnaifyeka mkilima. Chagueni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka kwenye kila kisiki, mengine kateni, pogoeni matawi ya nusu ya chini, fungeni kitambaa ili mwenye jembe aone. Mizizi yake iko chini tangu zamani, haihitaji ndoo hata moja. Kule Kondoa mifugo ilipoondolewa 1979 kwenye eneo lile lililokuwa limeharibika, sehemu kubwa ya kijani mnachokiona leo kilirudi chenyewe, hakikutoka kwenye viriba. Hii kazi inafaa kiangazi, fanyeni Julai, alikeni hata huyo mgeni rasmi.

Mkitaka kujua mmefanikiwa, hesabuni iliyo hai Novemba kabla ya mvua, basi, ile namba ya siku ya kupanda msiniletee.

Sasa nyie ambao mnasoma hii na miche imeshashushwa kwa mwenyekiti na ni Aprili. Msiipande yote kwa aibu. Hesabuni ile mnayoweza kweli kuimwagilia, labda kila kaya mche mmoja au miwili jirani na bafu au pale zinapooshwa sufuria, hiyo pandeni leo. Iliyobaki ihamisheni kwenye viriba vikubwa zaidi, mkikata mizizi iliyotokeza chini, iwekeni chini ya mwembe au banda la kivuli, maji mara mbili kwa wiki, na kila wiki mbili tatu inyanyueni viriba ili mizizi isizame ardhini. Miche 200 imekaa pamoja sehemu moja inamwagiliwa kwa ndoo chache, mtu mmoja anatosha, na mlipeni. Kwenye ile wikiendi yenu njooni na sururu na mitaimbo, mimi nitakuja na futi kamba.