Jinsi ya Kutumia Neno "Fukuto" Unapozungumzia Joto

Fukuto, yaani joto zito lenye unyevunyevu, ni neno la mazungumzo zaidi kuliko la taarifa rasmi. Mtabiri wa hali ya hewa hutangaza kiwango cha joto kwa nyuzi, ilhali wasikilizaji wake, waliokaa ndani huku nguo zikiwagandia mgongoni, husema tu kwamba leo kuna fukuto. Wengi hulitumia kwa joto lolote lile, na kwa kufanya hivyo hulipotezea uzito wake.

Kabla ya kulitumia, angalia jasho. Mwili hupoa pale jasho linapogeuka mvuke, na hewa iliyojaa unyevunyevu huzuia jambo hilo lisitokee upesi. Ndiyo maana mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, upepo ukiwa umekatika, unastahili kuitwa fukuto, lakini Dodoma, ambako hewa ni kavu na jasho hukauka mara moja, ni sahihi zaidi kusema jua ni kali au jua linachoma. Fukuto halihitaji jua: huwapo usiku, huwapo ndani ya daladala iliyoshona abiria, na hulemea hasa mawingu yanapotanda kabla mvua haijanyesha.

Kisarufi, neno hili limo katika ngeli ya LI-YA, kwa hiyo andika "fukuto limezidi", wala si "fukuto imezidi". Wingi wake hausikiki sana. Kitenzi chake ni kufukuta, nacho kina utamu wa pekee, kwa kuwa chumba hufukuta, na moto unaoungua chini kwa chini bila kutoa ndimi pia hufukuta.

Maana hiyo ya moto uliofichika ndiyo inayobeba matumizi ya kitamathali, na hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. Magazeti yakiandika kuhusu joto la uchaguzi, huwa yanazungumzia hamasa inayoonekana waziwazi, yenye mikutano na shamrashamra. Yakiandika kwamba kuna fukuto ndani ya chama, msomaji anaelewa kwamba kuna manung'uniko ambayo bado hayajalipuka. Mwandishi anayebadilisha moja kwa jingine hubadilisha habari yenyewe.

Kwa mgonjwa, usitumie neno hili kabisa: sema ana homa, au joto la mwili wake limepanda. Katika ripoti rasmi, andika "joto kali lenye unyevunyevu".