Ukialikwa kuongea, anza na waliowahi kufika

Hii nimeidokoa kwa MC mmoja wa hapa Dar. Fika ukumbini nusu saa kabla, na usikimbilie meza kuu. Zunguka kwa waliowahi, wasalimie, waulize kitu kimoja tu: "Leo mngependa mtoke na nini hapa?" Ukishika maiki, anza na jibu lao: "Kuna dada pale nyuma anauza samaki soko la Feri, ananiambia kinachomchosha ni wateja wa mkopo. Tuanzie hapo." Minong'ono inakatika. Watu wanaona hukuja na maneno ya kukariri, na yule dada atakusikiliza mpaka mwisho. Halafu, na kwangu hii ndiyo faida kubwa, woga ukikupanda unazo sura nne tano unazozijua za kuziangalia.

Omba ruhusa kabla ya kusimulia ya mtu, na jina lake liache. Mambo ya ndoa na magonjwa usiyaguse hata ukiruhusiwa.

Inagoma mvua ikinyesha: foleni ya Barabara ya Morogoro inawaleta wote dakika ya mwisho, hakuna wa kuongea naye. Hapo uliza tu nani katoka Mbagala, nani Kimara, wanyooshe mikono, inasaidia kiasi. Akiwepo mgeni rasmi, itifaki kwanza, la sivyo utaonekana huna adabu. Na jibu lao lisipoendana na mada yako, usililazimishe. Msibani usijaribu kabisa.